Cherehani ya Kwanza: Shona Nayo Kabla Hujalipa

Ukisema unataka kuanza kushona, kila mtu ana ushauri. Mmoja atakwambia uchukue ya stima yenye mishono ya kila aina, mwingine akutajie mashine ya kiwandani kwa sababu eti ndiyo ina pesa. Sisi tunasema cherehani ya kwanza iwe ile nyeusi ya miguu, Singer au Butterfly, hata kama imetumika.

Sababu ni kazi yenyewe. Ukianza, watu watakuletea zipu iliyoharibika, suruali ya kufupisha, yunifomu iliyopasuka, pengine mapazia. Hizo ni mshono ulionyooka tu. Stima ikipotea unaendelea kukanyaga, na fundi wa kuitengeneza hakosi sokoni. Ile ndogo ya plastiki ya kuweka mezani ni nzuri kwa macho, lakini ipe jinzi iliyokunjwa mara nne uone. Ovaloki nayo ingoje. Mlipe jirani mwenye nayo kwa kila nguo.

Sasa pesa. Usitume hata shilingi kabla hujashona nayo. Beba kipande cha leso, kipande cha jinzi na sindano mpya. Zungusha gurudumu kwa mkono, usikie kama linakwama. Shona, halafu geuza kitambaa. Uzi ukifanya vitanzi upande wa chini, mara nyingi ni kurekebisha mkazo wa uzi wa juu tu. Lakini ikiruka mishono hata na sindano mpya, songa duka lingine.

Muuzaji wa mtandaoni akikwambia, "Tuma nusu nikuwekee, kuna mtu anaikujia," mwache huyo mtu aichukue. Kurudishiwa pesa kunamsaidia aliyekosea namba. Ukimtumia uliyemkusudia, naye akazitoa, sisi hatuna mkono wa kufika mfukoni mwake. Lipa mkiwa hapo hapo dukani, kwa till ya duka, na usome jina linalotokea kabla ya kuthibitisha malipo. Ile SMS usiifute.

Na mkopo wa simu? Tunautoa sisi wenyewe, na bado tunakwambia: mkopo wa siku 30 haufai kununulia cherehani ya mtu anayejifunza. Mwezi wa kwanza utauishia ukifumua ulichoshona jana. Weka kidogo kidogo, au ungoje zamu yako ya chama.