Ngomeni: Sisi Tulikuwa Upande Gani?

Katika likizo moja niliwachukua wanangu na mama yao, tukapanda basi Malindi, tukapita Kilifi na Mtwapa hata tukafika Mombasa kuizuru Ngomeni, ile Fort Jesus ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Ni makumbusho tangu 1960. Kabla ya hapo Mwingereza aliifanya jela tangu 1895, kwa hivyo wako wazee wetu walioingia humo bila kukata tikiti.

Watoto walifurahia mizinga, na vyombo vilivyoopolewa baharini kutoka katika merikebu ya Kireno, Santo António de Tanna, iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697. Ndipo binti yangu mdogo akaniuliza: "Baba, sisi watu wa Malindi tulikuwa upande gani?"

Swali hilo lilinikwama kooni kama mwiba wa samaki, maana jawabu lake si tamu. Vasco da Gama alipofika mwaka 1498, Mombasa ilimshuku. Malindi ikamkaribisha na kumpa rubani wa kumfikisha Bara Hindi. Nguzo yake ingaliko ufuoni petu. Karibu miaka mia baadaye Wareno waliishika Mombasa, wakampa mfalme wa Malindi aitawale.

Lakini hisani ya Mreno ilikuwa na bei. Mfalme Hassan aligombana nao, akauawa 1614. Mwanawe Yusuf akapelekwa Goa, akabatizwa Dom Jerónimo, kisha akarejeshwa kutawala. Agosti 1631 aliirudia dini yake, akamuua kapteni wa ngome na kuitwaa. Mwaka uliofuata akaihama, akaenda kupambana na Wareno baharini.

Tena, Waomani walipoizingira ngome hiyo tangu 1696 hadi 1698, na maradhi yakawafyeka Wareno waliokuwa ndani, aliyebaki kuilinda kwa muda alikuwa Bwana Daudi wa Faza, Mwislamu mwenzetu.

Nikamjibu: "Mwanangu, tulikuwa pande zote."

Msomaji mpenzi, wako watakaosema mtoto haambiwi hayo. La hasha! Chuoni tulifunzwa kushuhudia kweli, ijapokuwa ni juu ya nafsi zetu. Mtoto anayesimuliwa ushujaa mtupu hatamtambua mgeni wa kesho ajaye na zawadi mkononi.

Liko na jambo la pili. Vita vya kwetu Kilifi havikuacha ngome. Mazrui wa Takaungu walipigana na Mwingereza 1895. Mwaka 1914 Mwingereza huyo huyo aliilipua Kaya Fungo, akawahamisha Wagiriama kwa nguvu kutoka kaskazini ya mto Sabaki. Mekatilili wa Menza amewekewa sanamu Malindi, na hilo ni jema. Lakini sanamu haisimulii. Jiwe hukaa karne nne. Kumbukumbu ya mzee hufukiwa pamoja naye.

Basi tuwapeleke watoto Ngomeni, kisha tukirudi tushuke Takaungu, tuketi barazani na wazee, tuulize. Binti yangu ameshanunua daftari.