Mama Atakaa Siku 90

Kaka Mkubwa, Shangazi, na ndugu zangu wote wa Tanga na Muheza, barua hii naiandika wazi kutoka huku Hamburg kwa sababu mjadala ulioanza kwenye kundi letu la ukoo nimeukuta pia kwa Watanzania wenzangu wa Berlin na Munich, na kwa Wakenya tunaokutana nao harusini. Kila mwenye mzazi nyumbani na mtoto mchanga huku anaulizwa swali lilelile: kwa nini usimwombee mama viza ya utalii ya mwaka mzima, aje alee mjukuu na apumzike?

Viza hiyo, kwa maana mnayoikusudia, haipo. Mgeni wa matembezi Ujerumani hukaa siku zisizozidi 90 katika kila kipindi cha siku 180. Hesabu hiyo ni moja kwa nchi zote 29 za Schengen. Mama akienda kumtembelea binti wa Shangazi Uholanzi kwa wiki mbili, siku zinaendelea kuliwa kana kwamba hajatoka sebuleni kwangu. Akivuka kwenda London zinasimama, lakini Uingereza ina viza yake na ada yake.

Kinachowachanganya watu ni ile stika inayobandikwa kwenye pasipoti. Ina tarehe ya kuanza na ya kuisha, ina idadi ya kuingia, na ina mahali pa idadi ya siku. Mtu anaona viza ya mwaka mmoja, ya kuingia mara nyingi, anapiga vigelegele, hasomi kwamba pale kwenye siku imeandikwa 90. Mwaka ule ni muda wa kuitumia viza. Siku za kukaa ni zile 90.

Tuchukue safari ya Mama yenyewe. Akitua Mei 10, siku hiyo ni ya kwanza, hata kama ndege imefika saa tano usiku. Siku ya 90 ni Agosti 7, na hiyo ndiyo siku ya mwisho ya yeye kuwa ndani ya Schengen, siyo siku ya kuanza kufunga sanduku. Akitaka kuja tena kwa siku 90 kamili, na kama viza bado hai, mapema kabisa ni Novemba 6. Kaka, ulipendekeza atoke siku moja tu kwenda Uturuki kisha arudi aanze upya. Haitasaidia. Afisa wa mpakani huhesabu siku 180 kurudi nyuma kuanzia siku ile msafiri anaposimama mbele yake, na siku zile zilizotumika bado zimo.

Sasa nije kwenye lile lililosemwa kwa utani, ingawa najua halikuwa utani wote: "Akishafika si basi, nani atamfukuza bibi mzee?" Ndugu zangu, hilo ni kumzamisha Mama katika umri wake. Tangu Oktoba 12, 2025 mipaka ya Schengen imeanza kuachana na mihuri ya wino na kutumia mfumo wa kompyuta unaosajili uso na tarehe za kuingia na kutoka. Alama za vidole huwa wameshazichukua wakati wa kuomba viza. Zamani mtu aliweza kutegemea muhuri uliofifia au afisa mwenye usingizi. Kompyuta ndiyo inayohesabu sasa. Aliyezidisha anaweza kutozwa faini na kupigwa marufuku kuingia kwa miaka, na maombi yake yajayo yatasomwa na mtu anayejua alichofanya.

Anayerudi kwa wakati, naye, anajiwekea akiba. Sheria ya viza ya Schengen inasema aliyepata viza tatu ndani ya miaka miwili na kuzitumia kihalali anastahili kupewa ya mwaka mmoja ya kuingia mara nyingi, isipokuwa kuna sababu ya kumtilia shaka. Akiitumia hiyo vizuri inafuata ya miaka miwili, kisha ya mitano. Nawajua wazazi waliofika hapo. Wanakuja kiangazi, wanarudi kuvuna, na hakuna anayewauliza maswali marefu.

Ukaazi wa muda mrefu ni habari nyingine, na kwa wazazi Ujerumani ni mgumu; hutolewa pale tu penye shida ya kipekee kabisa. Upo mlango mdogo kwa wazazi wa baadhi ya wafanyakazi wenye ujuzi waliopewa kibali chao cha kwanza kuanzia Machi 1, 2024, ila mimi nilipata changu kabla ya hapo. Wenye watoto kwingine wasipime kwa kipimo cha kwetu. Uingereza mgeni huruhusiwa kwa kawaida hadi miezi 6 kwa safari moja. Marekani afisa wa uwanja wa ndege ndiye anayeamua siku, mara nyingi miezi 6, hata kama viza ni ya miaka. Kanada ina viza maalumu ya wazazi na babu na bibi inayomruhusu mtu kukaa hadi miaka 5 mfululizo, kwa masharti ya kipato cha mtoto na bima kubwa ya afya. Mwenye mtoto Toronto asimbeze mwenye mtoto Hamburg kwamba hampendi mama yake.

Tuje kwenye makaratasi, maana hapa ndipo watu wanapokwama. Mama anakuja kutembelea familia, na fomu itasema hivyohivyo. Kuna kishoka pale mjini amemwahidi binamu yetu "kifurushi" cha hoteli ya kubuni na ratiba ya makumbusho. Ya nini, wakati mimi nina nyumba na mkataba wa pango? Mimi ndiye ninayekwenda ofisi ya wageni hapa na hati zangu za mshahara kusaini udhamini. Udhamini huo si barua ya hisani: serikali ikigharimika kwa ajili ya mgeni wangu, inaweza kunidai mimi, na dhamana hiyo inaweza kunifuata hadi miaka 5. Shangazi, ndiyo maana nilinyamaza uliponiomba nimdhamini yule kijana wa jirani ambaye sijawahi kumwona.

Bima ya safari ni lazima, isiyopungua euro 30,000, na iwe halali Schengen yote. Lakini isomeni. Inalipia dharura na kulazwa, na Mungu apishe mbali, kumrudisha marehemu nyumbani. Presha na sukari ambazo mtu alikuwa nazo kabla ya safari, bima nyingi hazizigusi. Kwa hiyo Mama aje na dawa zake za miezi mitatu zote, kwenye makasha yake ya asili, pamoja na barua ya daktari, na azibebe kwenye mkoba wa mkononi. Kliniki ya hapa bila bima inayolipa ni bei ya kiwanja.

Kuhusu benki, tafadhali msimwingizie Mama mamilioni wiki moja kabla ya kuomba. Maafisa husoma mtiririko wa miezi, na pesa iliyoingia jana huwaambia ni ya kuazima. Pensheni yake ndogo inayoingia kila mwezi ina nguvu kuliko mamilioni hayo. Wekeni pia hati ya nyumba, barua ya serikali ya mtaa kuhusu shamba, na uthibitisho kwamba ni mweka hazina wa kikoba. Wanachotaka kujua ni nini kitamrudisha.

Ada ya mtu mzima ni euro 90, na hairudishwi akinyimwa. Zamani aliyenyimwa na ubalozi wa Ujerumani aliandika barua ya kupinga, na maombi yakasomwa upya. Utaratibu huo ulifutwa Julai 1, 2025. Kilichobaki ni kuomba upya na kulipa upya, au kufungua kesi mahakamani Berlin, na sisi hatuna wakili wa Berlin.

Nasema na hili, mnisamehe. Mwaka mzima hapa mngemwombea Mama nini hasa? Tunatoka asubuhi wote. Ghorofa ya nne, jirani anasalimia kwa kichwa, hakuna baraza wala mtu wa kumpa umbea. Desemba jua linazama saa kumi jioni. Nimewaona wazee waliokuja kwa furaha, mwezi wa nne wakawa wanakaa dirishani. Arobaini ya mtoto itaisha, nitakuwa nimepata nguvu, yeye atakuwa ameonja kiangazi cha mwanga hadi saa nne usiku, na bado atabakiwa na wiki kadhaa za kumbeba mjukuu tu. Siku 90 zinamtosha, na mimi zinanitosha.

Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na nafasi za miadi huisha haraka. Kaka, jina la Mama kwenye kitambulisho cha NIDA halifanani na lililo kwenye cheti changu cha kuzaliwa, kwa hiyo mpeleke kwa wakili mwezi huu aape kiapo cha majina. Pasipoti yake iangaliwe: iwe na uhai wa angalau miezi mitatu baada ya Agosti 7, na kurasa mbili tupu. Shangazi, wewe kaa naye umweleze kwamba atarudi, na lini, ili akiulizwa dirishani ajibu kwa kinywa chake mwenyewe. Tiketi nitakata ya kwenda na kurudi, na ya kurudi ni Agosti 5.