Ngozi Kutulia Si Kupona

Hoja za wanaohimiza kuacha dawa mmezisikia, kwenye duka la dawa na katika sauti zinazotumwa WhatsApp: mwenye urtikaria sugu, yaani mabaka yanayovimba na kuwasha kwa zaidi ya wiki 6, akishatulia aachane na vidonge. Nimezisikiliza kwa makini kuliko zilivyostahili. Tuzipime moja moja; hukumu mtatoa ninyi.

Hoja ya kwanza: mabaka yametoweka, basi ugonjwa umekwisha. Tuwape haki yao: urtikaria sugu huondoka yenyewe kwa wagonjwa wengi, aghalabu ndani ya miaka 1 hadi 5. Lakini kwa anayemeza setirizini, kidonge cha kuzuia mzio, kila siku, ngozi safi ina maelezo mawili: ama ugonjwa umeondoka, ama dawa inauzuia. Ngozi peke yake haiwezi kusema ni lipi. Katika utafiti wa XTEND-CIU uliochapishwa 2018, wagonjwa waliodungwa sindano za omalizumabu, dawa nyingine ya ugonjwa huu, kwa wiki 24 na kutulia waligawanywa makundi mawili. Kundi moja liliendelea na dawa; jingine, bila kujua, likapewa sindano isiyo na dawa. Katika wiki 24 zilizofuata, hali iliwarudia takriban asilimia 60 ya walioachishwa, dhidi ya asilimia 21 ya walioendelea. Kwa kipimo cha hoja hii, hao waliotulia wangehesabiwa kuwa wamekwisha kupona.

Hoja ya pili: dawa hizi haziponyi, zinaficha tu ugonjwa, kwa hiyo kuendelea nazo ni kujidanganya. Nusu ya kwanza ni sahihi. Kidonge huzuia histamini, kemikali inayoleta mabaka na muwasho, isifanye kazi yake mwilini. Hakiziponyi seli zinazoimwaga. Ila angalieni hoja hii inavyoivunja ile ya kwanza, na msemaji wa zote mbili ni yule yule. Kama dawa inaficha ugonjwa, basi kutoweka kwa mabaka si ushahidi wa kupona. Kama kutoweka ni ushahidi wa kupona, basi dawa haikuwa inaficha chochote. Achague moja.

Hoja ya tatu: vidonge vya kila siku vinaharibu mwili, heri umeze siku unayowashwa tu. Hofu hii ina asili. Dawa za kizazi cha kwanza kama Piriton hulevya kwa usingizi, na mwenye figo dhaifu hupunguziwa setirizini. Hata hivyo, mwongozo wa kimataifa wa matibabu unapendekeza dawa za kizazi cha pili, kama setirizini, zimezwe kila siku, na unaruhusu daktari kupandisha dozi hadi mara 4 ya ile ya kawaida. Sababu iko wazi: dawa inayomezwa baada ya histamini kumwagwa imechelewa. Na huyu anayeogopa setirizini, mabaka yakilipuka hukimbilia wapi? Kwenye prednisoloni, dawa inayopandisha sukari na shinikizo la damu na kudhoofisha mifupa, ambayo mwongozo huo huo unakataza isitumike kwa muda mrefu. Huko si kupima hatari, ni kupima uvumi.

Hoja ya nne: acha ghafla, mwili utakupa jibu. Jibu litakuja, ila huenda likawa la uongo. Mei 2025, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza onyo kwamba watu wachache walioacha setirizini au levosetirizini baada ya kuitumia kwa muda mrefu walipata muwasho mkali ndani ya siku chache. Visa vilivyohesabiwa ni 209 tu, kwa dawa inayotumiwa na mamilioni. Tatizo ni nadra. Lakini aliyeacha ghafla na kuanza kujikuna atajuaje kama ni urtikaria iliyorudi au ni kuachana na kidonge?

Hoja ya tano inatoka upande wa pili: umetulia, usiguse dozi, meza maisha yako yote. Inaonekana ya busara, na imekosea vile vile. Rudini kwenye takwimu za XTEND-CIU: takriban asilimia 40 ya walioachishwa hawakurudiwa na hali hiyo katika muda ule wa utafiti. Asiyethubutu kupunguza hatajua kama yumo kati ya hao. Kanuni ya mwongozo ni dawa kadiri inavyohitajika, na kidogo iwezekanavyo.

Basi kambi zote mbili zina kosa moja: zinataka jibu bila kupima. Pendekezo la wataalamu ni hili: utulivu kamili kwa angalau miezi 3, kisha, kwa makubaliano na daktari, punguza kidonge kimoja cha dozi ya siku, usizidishe kimoja kwa mwezi. Andika mabaka na muwasho kila siku kwa siku 7, kila kimoja kwa alama 0 hadi 3. Jumla ya wiki haizidi 42. Alama zikipanda, rudi kwenye dozi ya mwisho iliyokutuliza. Zikibaki 0, endelea kushuka. Anayekushauri kuacha au kuendelea bila kukuuliza alama zako, usimsikilize.