Mwacheni Kijana Aione Theluji

Kila ufikapo mwanzo wa mwaka, zile jamaa zetu zilizohamia Ulaya ya kaskazini huleta swali lile lile. Shule za huko, kama vile Norway, hufungwa kwa muda wa wiki moja mnamo Februari au mwanzoni mwa Machi, na watu hufunga virago wakaenda milimani kucheza thelujini. Kijana wetu wa miaka 14 au 15 humwendea babake akamwambia kwamba wenzake wote waenda, naye aomba ruhusa. Baba hupiga simu Mombasa, Lamu au Malindi kuuliza wazee. Na jibu litokalo huku aghalabu ni la mkato: asiende. Msafiri kafiri, sikwambii msafiri mtoto, tena baina ya watu wasio wa dini yetu!

Mimi nasema aende, na sababu zangu ni hizi.

Wapingao huanza na ibada. Wasema baridi ile itamfanya aache sala. Lakini sisi tuliosoma vyuoni, hata kabla hatujabaleghe, tulihesabishwa maji saba yafaayo kutawadhia: ya mvua, ya bahari, ya mto, ya kisima, ya chemchemi, ya theluji na ya barafu ya mvua ya mawe. Tulihifadhi maji ya theluji ilhali hata mwalimu wetu hakupata kuiona theluji kwa macho yake. Wanazuoni hawakuyaandika hayo bure. Walijua kuwa Waislamu watafika penye theluji. Basi kijana ataiyeyusha jikoni, aipashe moto, atawadhe. Akiisha kutawadha na kuvaa viatu vigumu vifunikavyo vifundo vya miguu, madhehebu yetu ya Imam Shafi yamruhusu kupangusa juu yake: mkaazi mchana na usiku mmoja, msafiri siku tatu na masiku yake. Safari ikizidi marhala mbili, ambazo hukadiriwa zaidi ya kilomita 80, ana ruhusa ya kupunguza sala na kuzikusanya. Ila akinuia kukaa mahali pamoja siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kufika na ya kuondoka, hukumu ya msafiri humwondoka. Mambo haya kijana hayajui vizuri mpaka ayatende, na safari ndiyo darasa lake.

Na ni nani katika sisi asiyeihifadhi Sura ya Kuraishi? Ndani yake mmetajwa safari ya wakati wa baridi na safari ya wakati wa joto, nazo zimetajwa katika hesabu ya neema. Wafasiri wasema Makureishi walikwenda Yemen wakati wa baridi na Sham wakati wa joto. Na babu zetu wa pwani je? Walisafiri kwa kusi na kaskazi, na kijana alipandishwa chomboni na babake au amiye, akaanza kwa kupika na kuteka maji, hata akawa baharia. Hakuna aliyesema kuwa mtoto yule apotezwa. Walisema afunzwa.

Sasa tuwatazame hao Wanorwe wenyewe, maana watu huwaogopa pasi na kuwajua. Chama chao cha kutembea milimani, DNT, kilianzishwa mwaka 1868. Kina vibanda zaidi ya 500 nchini kote, na vingi katika hivyo havina mlinzi. Mwanachama huazima ufunguo, akafungua, akawasha moto wa kuni. Kwengine mna na vyakula rafuni: atwaa anachotaka, aandika alichotwaa, na alipa. Hapana amsimamiaye. Sisi tuhubirio amana kila Ijumaa, hatuna haja ya kumficha mtoto wetu asiyaone hayo.

Pasaka ya mwaka 1967 watu 18 walikufa katika milima ile. Tangu hapo Msalaba Mwekundu na chama hicho wamekazana kueneza kanuni tisa za mlimani, na watoto huzijua. Panga safari yako na umwambie mtu wendako. Tazama hali ya hewa. Chukua ramani na dira. Jihadhari na mahali paporomokapo theluji. Na ile niipendayo zaidi: geuka mapema, kwani kurudi si aibu. Nahodha yeyote wa Lamu angeikubali kanuni hiyo. Kijana aliyekwisha kufunzwa na kiongozi wake kuwa kurudi nyuma si aibu, amepata silaha ya kumfaa siku wenziwe watakapomwita kwenye chupa ya pombe au unga. Tena dira ile ile imwonyeshayo njia ndiyo imwonyeshayo kibla, nacho huko ki upande wa kusini-mashariki.

Sisemi kuwa hapana la kuogopa. Lipo. Iko pombe, iko nyama isiyochinjwa kwa sheria, iko mialo ya kulala wavulana na wasichana. Lakini dawa ya haya ni masharti, si marufuku. Mzazi na aonane na viongozi wa kikundi kabla ya safari, aulize nani alala wapi, aeleze chakula. Kama ni kitoweo, nchi ile imejaa samaki, na samaki hana mchinjaji. Tena nikisema kijana nakusudia na binti pia, kwa masharti hayo hayo na adabu zake. Sabrina Simader alizaliwa Kilifi hapa hapa petu mwaka 1998, akapelekwa Austria angali mdogo. Huko baba wa kambo ndiye aliyemtia katika mchezo wa kuteleza kwa skii, na mwaka 2018 akaishindania Kenya katika Olimpiki za baridi za Pyeongchang. Hakuanza na kikundi wala na bendera. Alianza na watu wa nyumbani.

Na hapo ndipo penye lawama yangu. Wazazi wengi walioko huko hawajakanyaga mlima hata mara moja. Wafanya kazi usiku na mchana, na mwezi wa Disemba, jua la Oslo lichomozapo baada ya saa tatu asubuhi na kuzama kama saa tisa na dakika kumi, huzidi kujifungia ndani. Mtoto naye hubaki na simu yake baina ya kuta nne. Shule zikifunguliwa, wenziwe wasimulia vibanda na miteremko, yeye hana la kusema. Hana hadithi za Lamu, maana hakukulia Lamu. Hana za Norway, maana alikatazwa. Huyo ndiye apoteaye, wala hakupotezwa na theluji.

Basi ushauri wangu ni huu. Safari ya kwanza na iwe ya baba, mama na watoto, walau ya siku moja. Gharama isiwe kisingizio, kwani ziko ofisi ziitwazo BUA ziazimazo vifaa vya michezo bila malipo. Baba na aanguke kwenye theluji mwanawe amcheke, kisha waswali pamoja. Safari ya pili na iwe ya kikundi, mtoto akiwa amekwisha kuona jinsi mzazi wake alivyotawadha na kula kule.

Nanyi bibi na wazee mnaoulizwa kwa simu, kabla hamjasema la, ulizeni aenda na nani, atakula nini na atarudi lini. Mkiridhika, mpeni dua aende.