Intaneti ya Bure na Iwe Kama Maji ya Sabili

Katika barza zetu za Mji wa Kale, swali aulizwalo mtu siku hizi baada ya salamu na khabari za nyumbani ni hili: "Unatumia laini gani?" Si swali la upuuzi. Laini ya simu imekuwa kama mtaa. Ukiitaja, watu hujua watakupigia kwa gharama gani, watakutumia pesa kwa njia gani, na kama wewe ni mtu wa kupatikana saa zote au ni wa kutafutwa. Mwaka jana nilipotoka katika kampuni kubwa niliyokuwa nayo kwa miaka mingi nikaingia katika nyingine iliyo ndogo, walitokea jamaa walioniuliza kwa upole kama mambo yangu yameharibika. Hayakuharibika. Nilivutwa na jambo moja tu: huko nilikohamia, bando ya mwezi ikisha hawakufungii mlango. Hukuachia intaneti bila ya malipo mpaka mwezi upinduke, ila mwendo wake ni wa kobe.

Makala haya nayaandika kuutetea mwendo huo wa kobe, na papo hapo kuupinga ubure wa namna nyingine ambao watu wengi wanaushangilia.

Lakini kwanza suala lenyewe la kuhama, kwani si jepesi kama linavyoonekana. Tangu Aprili 2011 Mkenya ana ruhusa ya kuhama kampuni ya simu akaondoka na namba yake ile ile. Ilitarajiwa kwamba watu wangehama kwa makundi kufuata bei nafuu. Waliohama walikuwa wachache, na mwenye kuijua Pwani hawezi kustaajabu. Namba huhama, lakini mkoba wa pesa hauhami pamoja nayo. M-Pesa ilianza Machi 2007, na kufikia 2011 ilikwishakuwa ndiyo njia ya kuchangia harusi, hitima, mgonjwa aliyelazwa, na sakafu ya msikiti. Aliyehama alijitoa katika orodha ya mhazini. Pesa akitumiwa, zilimfikia kama ujumbe wa kwenda kuzitoa kwa wakala, na mtumaji alikatwa zaidi. Hali hiyo ilidumu mpaka Aprili 2018, mikoba ya kampuni mbalimbali ilipounganishwa.

Na hata baada ya kuunganishwa, mazoea hayakuvunjika. Mama mmoja mtaani kwetu, anayekusanya michango ya arusi na asiyeamini namba asizozizoea, aliniambia waziwazi: "Mwanangu, wewe lete mkononi." Kwa hiyo watu wengi hapa hubeba laini mbili katika simu moja, moja ya udugu na moja ya unafuu. Wataalamu wa biashara huita hayo ushindani. Mimi naona ni sawa na mtu mwenye wake wawili asiyethubutu kumwacha yeyote kwa sababu ya wakwe.

Basi nirudi kwa kobe wangu. Mwendo wake ni kilobiti 128 kwa sekunde, na kwa kuwa hesabu hizi wenye kampuni huzificha katika herufi ndogo, nitazifungua. Kilobiti 128 ni kilobaiti 16. Ukurasa wa maandishi matupu wenye kilobaiti 50 hufika kwa muda wa sekunde 3 hivi. Picha iliyopigwa kwa simu, yenye megabaiti 2, huchukua dakika 2 na ushei. Khutba iliyorekodiwa kwa sauti, yenye megabaiti 10, huchukua zaidi ya dakika 10, nami huianzisha kabla ya kwenda kutawadha, nikishaswali naikuta imetua. Ama sinema na vichekesho vya video, hivyo usivitaraji kabisa. Kiduara kitazunguka mbele ya macho yako mpaka usingizi ukuchukue.

Vijana wangu nyumbani waliuchukia mwendo huu tangu siku ya kwanza, na sitawalaumu. Sisemi kwamba polepole ni bora kuliko haraka, wala sitaki kumhubiria mtu kwamba uhaba ni dawa ya roho. Mwenye uwezo wa kununua mwendo na anunue. Nisemalo ni kwamba maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Binti wa ndugu yangu, aliyekuwa akijaza maombi ya chuo kwa simu yangu baada ya bando kwisha, alifungiwa na ukurasa mara 3 kabla hajafika mwisho. Mara ya 4, saa 9 za usiku watu wengi wakiwa wamelala na mnara umepumua, maombi yakapita. Hakulipa hata senti, na wala hakuna aliyemwuliza anakwenda ukurasa gani.

Hapo pa mwisho ndipo penye hoja yangu yote.

Maana ubure ni wa aina mbili. Upo ule wa polepole lakini wa wazi, uendao kokote utakako. Na upo ule wa mwendo mzuri lakini uliozungushiwa ua, ambao mwenye kutoa ndiye achaguaye utaona nini. Huo wa pili ndio uliokuja kwetu kwa vigelegele. Mnamo Novemba 2014 kampuni ya Facebook, kwa kushirikiana na Airtel, ilileta Kenya mpango wake wa Internet.org, ulioitwa baadaye, mwaka 2015, Free Basics. Mtu aliweza kufungua bila ya malipo baadhi ya kurasa za khabari, afya, kazi na elimu, pamoja na Facebook yenyewe. Nje ya kurasa zilizokubaliwa, ulilipa. Nchini India watu walilijadili jambo hilo kwa ukali, na tarehe 8 Februari 2016 mamlaka ya mawasiliano ya huko ikapiga marufuku kutoza bei tofauti kwa kurasa tofauti za intaneti. Kwetu sisi mjadala haukuwa mkubwa. Tulipewa, tukashukuru.

Kijukuu cha mpango ule kingali nasi katika bando za bei ndogo zinazofungua WhatsApp peke yake. Mnazijua, na huenda unayo moja saa hii usomapo. Ni rahisi, na kwa mtu wa mapato madogo ni rehema. Lakini tazama inavyomfanya. Mtu huletewa kiungo cha khabari, akikigusa hakifunguki, kwa kuwa kiko nje ya ua. Hubaki na kichwa cha khabari na maneno ya aliyekituma. Basi huyasadiki, au huyatuma mbele kama yalivyo.

Ubaya wa jambo hili huonekana zaidi jioni ya 29 Ramadhani. Magharibi haijatulia vizuri, simu zaanza kulia: mwezi umeandama mahali fulani, la, haukuandama, fulani ametangaza, fulani amekanusha. Sauti za watu wasiojulikana zinapita kutoka kundi hadi kundi, nyingine ni za mwaka jana. Tangazo la Kadhi Mkuu likitoka huwekwa katika kurasa za vyombo vya khabari, ambazo mwenye bando ya WhatsApp hawezi kuzifungua. Hutegemea nani amemfikia kwanza. Kuhusu mwezi wenyewe na kama tufuate wa hapa au wa mbali, hiyo ni mada ya masheikh na haina mwisho, siigusi. Ninaloligusa ni kwamba Mwislamu anafunga au anafungua kwa khabari ambayo bando yake haimruhusu kuihakiki. Mimi kwa kobe wangu, ukurasa wa khabari nikiuzuia picha, hunijia kabla ya tende kumalizika sahanini.

Mila yetu wenyewe imekwishatufunza namna ya kutoa bure. Nani katika sisi hakukua akiuona mtungi wa maji ya sabili kwenye baraza ya nyumba au ukutani mwa msikiti, na kata yake juu? Mwenye kuuweka hakusimama mlangoni kuuliza: wewe unakwenda wapi, sokoni kwangu au kwa jirani? Aliyetoka shamba alikunywa, hamali alikunywa, mgeni asiyejulikana dini yake alikunywa, akaenda zake. Wala hapakuwa na aliyeleta pipa kuja kuchota maji ya kuogesha ng'ombe, kwa sababu kata ni ndogo na mtungi una kiasi chake. Udogo wa kata ndio ulioilinda sadaka isiharibiwe.

Hivyo ndivyo ninavyouona mwendo wa polepole. Kilobiti 128 ni kata. Anayetaka kutazama mpira hatautazama kwa kata, atanunua bando, na kampuni haitapoteza biashara yake. Anayetaka kusoma, kuandika barua, kujaza fomu, kuuliza bei ya samaki Malindi au kupata khabari za mtoto aliyeko Jeddah, kata itamtosha.

Wenye kampuni wana jawabu lao, na si jawabu la kudharauliwa. Watasema minara hula umeme na mafuta, leseni hulipiwa, na hakuna muuza maji anayeweza kuacha mfereji wazi. Ni kweli. Walakini wenzao wamejaribu. Mwaka 2013 kampuni ya T-Mobile ya Marekani iliwaruhusu wateja wake, wanaposafiri katika nchi zaidi ya 100, kutumia intaneti bila ya malipo ya ziada kwa takriban mwendo huu huu ninaousema, na waliotaka kasi zaidi wakanunua. Haikufilisika. Hata hao Facebook waliotuletea ua, Mei 2020 walianza kujaribu nchini Peru mpango mwingine wa kufungua kurasa zote, si zile za kuchaguliwa tu, kwa maandishi bila ya video. Hawangebadili njia kama ile ya kwanza ingekuwa haina dosari.

Isitoshe, sisi wa Pwani tuna haki ya kuuliza kwa sauti kubwa kidogo kuliko wengine. Kabla ya 2009 Kenya ilitegemea setilaiti kwa intaneti yake, ghali na nzito. Mwaka huo waya wa TEAMS uliolazwa chini ya bahari kutoka Fujairah, katika Falme za Kiarabu, ulifika Mombasa mwezi wa Juni, na ule wa SEACOM ukaanza kazi Julai. Njia ni ile ile ya majahazi ya kaskazi, isipokuwa mzigo sasa si tende na mazulia. Intaneti ya nchi nzima ilishukia kwenye mchanga wetu, ikapita ikielekea Nairobi, na zamani zile sherehe zilifanywa na hotuba zikasomwa. Leo mvuvi anayetia nanga karibu na mahali waya huo ulipotokea huenda hana hata kilobiti moja mfukoni, kwa kuwa bando yake imekwisha jana. Sisemi apewe bahari. Nasema apewe kata.

Na pesa za kata zipo. Sheria imeanzisha mfuko wa huduma kwa wote, chini ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, ambao kampuni za mawasiliano huuchangia asilimia 0.5 ya mapato yao ya mwaka. Umekusudiwa kuwafikishia mawasiliano watu ambao biashara peke yake haiwafikii. Mpaka sasa "kutofikiwa" hufahamika kuwa ni kukosa mnara, na sina ugomvi na minara, ijengwe. Lakini mtu aliyekaa chini ya mnara bila ya shilingi ishirini ya bando, huyo amefikiwa? Mama anayeuza mahamri Kisauni huuona mnara kutoka dirishani kwake kila asubuhi.

Mamlaka ingeweza kuziambia kampuni zote, si moja ndogo inayotafuta wateja: laini iliyosajiliwa, bando yake ikisha, isifungwe bali ipunguzwe mwendo, na mlango wake uwe wazi kwa kila ukurasa bila ya kuchagua. Gharama, kama ipo, itolewe katika mfuko ule. Kama kilobiti 128 ni nyingi kwa mchana, minara inapozidiwa, na ziwe 64, kisha usiku zirudi 128. Fomu za vyuo tumekwisha zizoea kuzijaza saa 9.