Bofya Hapa, Upotee

Rafiki yangu alijaza fomu ya kuomba punguzo la ada wiki tatu kabla ya siku ya mwisho. Aliambatisha matokeo, barua ya serikali ya mtaa, kila kilichotakiwa. Fomu ikamshukuru. Majina yalipotoka, lake halikuwemo. Ofisini walimwambia, kwa ule upole unaouma kuliko tusi: “Dada, ulijaza fomu ya mwaka jana. Ulipaswa kuwa makini.”

Nikafungua tangazo lenyewe, nikaweka kishale juu ya maneno ya bluu yaliyopigiwa mstari. Maneno yalisema fomu ya mwaka huu. Anwani iliyochomoza juu yake ilikuwa ya mwaka jana.

Ugomvi wangu unaanzia hapo. Kiungo kina sura mbili: maneno tunayoyasoma na anwani iliyojificha chini yake. Kwenye Word, ukifuta “mwaka jana” ukaandika “mwaka huu”, umebadilisha maneno tu. Anwani inabaki ilivyokuwa. Ili kuibadilisha, unaweka kishale kwenye kiungo, unabonyeza Ctrl na K, unabandika anwani mpya. Haichukui hata dakika. Mtu alinakili tangazo la zamani, akakipaka rangi mpya kibao cha njia panda bila kukigeuza, kisha lawama akabebeshwa msafiri.

Kila siku tunaonywa kuhusu matapeli: maneno yanaweza kusema benki, anwani ikakupeleka kwingine. Ni kweli. Lakini mwanya anaopitia tapeli kwa makusudi ndio huohuo ambao ofisi inauacha wazi kwa uzembe. Tena ofisi ina muhuri na nembo, vitu vilivyowekwa ili tuache kushuku. Huwezi kuniomba nikuamini, halafu ukanilaumu kwa kukuamini.

Na msiniambie ni jambo dogo. Chuo hikihiki kimewahi kunirudishia pendekezo la utafiti kwa sababu ya pambizo. Tunahukumiwa kwa nukta na mkato kwenye marejeo. Wao wanatuandikia “bofya hapa” mara tano katika ukurasa mmoja. Mwanafunzi asiyeona, anayesomewa skrini na programu, akiomba orodha ya viungo anasikia: bofya hapa, bofya hapa, bofya hapa. Hapa ni wapi? Kisha tangazo lilelile linachapwa na kubandikwa kwenye ubao, “bofya hapa” ikiwa imekolea wino. Tubofye ukuta?

Mimi mwenyewe si malaika. Niliwahi kumtumia msimamizi wangu kiungo cha sura ya pili ya tasnifu, kumbe kinaelekea kwenye faili lililomo ndani ya kompyuta yangu. Ni sawa na kumwambia mgeni apite chumbani wakati ufunguo ninao mfukoni. Alinijibu kwa mstari mmoja, nikaomba radhi, nikatuma upya. Tofauti ni hiyo: kosa langu nililibeba mimi.

Kiswahili kimekiita kitu hiki kiungo, jina lilelile la goti na kiwiko. Goti likiteguka, uzima wa paja na unyayo haukusaidii kitu. Tangazo lile lilikuwa na lugha safi, tarehe sahihi na saini ya mkubwa. Lilikuwa limeteguka gotini.

Sidai mitambo mipya wala semina yenye posho. Nadai mambo matatu. Kiungo kiandikwe kwa jina la kinakokwenda. Anayetuma akibofye kwanza yeye, kabla ya sisi mia tatu. Na kikipotosha watu, siku za maombi ziongezwe, maana aliyeelekeza ndiye aliyepotosha.

Rafiki yangu ameahirisha mwaka. Yuko kwao, anamsaidia mama yake dukani. Fomu ya mwaka jana bado iko wazi. Jana usiku niliijaza kwa jina la uongo, nikabonyeza tuma.

Ikanishukuru.