Urafiki wa Watalaka: Wema au Nyama ya Ulimi?

Suala la iwapo mume na mke wanaweza kubaki marafiki baada ya talaka si geni tena nchini Kenya. Huzungumzwa makanisani, redioni, na hata Kikopey, kwenye barabara kuu ya kutoka Nairobi kwenda Nakuru, ambako wasafiri huteremka kula mbuzi wa kuchoma na kusema yale yasiyosemeka nyumbani. Jibu linalopendwa siku hizi ni kwamba waungwana huachana kwa heri na kubaki marafiki. Jibu hilo ni tamu. Hata hivyo, Waswahili wanayo nyama nyingine isiyohitaji makaa, nayo ni nyama ya ulimi. Yafaa basi ichunguzwe kama urafiki unaohimizwa ni wema wa kweli au ni nyama hiyo.

Sarufi yenyewe ina la kufunza. Katika matumizi ya jadi, mume huoa na mke huolewa. Mume huacha na mke huachwa. Kauli ya kutendana, yaani kuoana na kuachana, ndiyo inayowaweka wote wawili katika nafasi moja. Urafiki nao hukaa katika kauli hiyo hiyo, kwani marafiki husaidiana, huaminiana na kuheshimiana. Hakuna urafiki wa kauli ya kutendwa. Kwa hivyo, kumtaka aliyeachwa bila makao wala karo ya watoto awe rafiki wa aliyemwacha ni kumdai tendo la watu walio sawa kabla ya kumpa usawa wenyewe.

Wanaotetea urafiki huo wanaweza kutaja kisa mashuhuri cha Bonde la Ufa. Mnamo 1940 aliwasili Kenya Mwingereza aliyeitwa Diana, akiwa mke wa Jock Delves Broughton. Mwaka wa 1943 aliolewa na Gilbert Colvile, mfugaji tajiri wa Naivasha. Ndoa hiyo ilivunjika mwaka wa 1955, na mwaka uo huo Diana akaolewa na Lord Delamere wa nne, ambaye ukoo wake ulimiliki shamba la Soysambu kando ya Ziwa Elementaita, si mbali na Kikopey. Uhasama uliotarajiwa haukutokea. Colvile alibaki rafiki yao, na alipofariki mwaka wa 1966 alimrithisha mtalaka wake mali yake. Diana mwenyewe alifariki mwaka wa 1987, akazikwa Ndabibi, Naivasha, kati ya kaburi la Colvile na la Delamere.

Ni kisa cha kuvutia, lakini hakithibitishi kila kinachodhaniwa. Colvile ndiye aliyeachwa, ila hakuachwa na njaa. Wema wake ulikuwa hiari ya mtu asiyemhitaji mtalaka wake ili apate chakula. Aidha, utajiri wa walowezi ulikuwa na historia yake: Wamaasai waliondolewa katika sehemu hii ya Bonde la Ufa kufuatia mapatano ya mwaka wa 1904. Ni rahisi kuwa mkarimu penye maelfu ya ekari. Ugumu huanza pale ambapo mali yote ni ploti moja na kibanda cha biashara.

Ichukuliwe mfano wa mke ambaye kwa miaka kumi aliamka alfajiri kukatakata kachumbari, kusonga ugali na kutunza hesabu za kibanda, ilhali hati ya ploti ina jina la mume peke yake. Siku ya kuachana anaambiwa, "Sisi si maadui, mama watoto. Mambo ya mahakama ya nini? Tubaki marafiki." Maneno hayo yana sauti ya upatanisho, lakini kazi yake ni kumnyamazisha. Akidai haki yake, ataitwa mchokozi aliyevunja urafiki. Akinyamaza, atasifiwa kwa uungwana huku akitafuta chumba cha kupanga.

Sheria ya Kenya haimlazimishi kunyamaza. Kifungu cha 45 cha Katiba ya 2010 kinawapa mume na mke haki sawa wakati wa kuoana, katika ndoa, na wakati wa kuivunja. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inahesabu kazi za nyumbani, malezi ya watoto, usimamizi wa biashara ya familia na hata usuhuba wenyewe kuwa mchango. Ni kweli kwamba mnamo Januari 2023 Mahakama ya Juu ilifafanua kuwa usawa huo hauna maana ya kugawana nusu kwa nusu moja kwa moja. Kila mmoja sharti athibitishe mchango wake. Uamuzi huo ndio unaofanya ukimya kuwa ghali zaidi, kwani asiyesema alichochangia hawezi kukithibitisha.

Kuna wanaohoji kwamba watoto ndio watakaoumia wazazi wasipokuwa marafiki. Hoja hii ina uzito, maana wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Hata hivyo, anachohitaji mtoto ni maelewano, na maelewano si lazima yawe urafiki. Kifungu cha 53 cha Katiba kinawabebesha baba na mama wajibu sawa wa malezi, wawe wameoana au hawajaoana. Karo ilipwe kwa wakati, siku za kumwona mtoto ziheshimiwe, na mmoja asimtukane mwenzake mbele yake. Hayo yanaweza kutimizwa na watu wasioalikana chakula.

Fauka ya hayo, wapo ambao kwao urafiki ni hatari. Sheria ya Ulinzi dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya 2015 inawalinda hata watu ambao ndoa yao imekwisha, kwa kutambua kwamba mkono uliozoea kupiga haukatwi na hati ya talaka. Kumshauri mtu wa aina hiyo adumishe urafiki ni kumrudisha alikotoka.

Mila za pwani zilikwisha kuuona mpangilio unaofaa. Katika sheria ya Kiislamu, wanandoa wanaoachana huhimizwa wasisahau hisani baina yao, lakini hisani hiyo haisimami peke yake. Mke aliyepewa talaka rejea hubaki na haki ya makao na matumizi katika kipindi cha eda. Hisani na haki huenda pamoja. Moja haitumiwi kuifukia nyingine.

Hivyo basi, urafiki wa watalaka si ndoto wala si dhambi. Kosa ni kuutanguliza. Mali igawanywe, malezi yapangwe, makubaliano yaandikwe na usalama uhakikishwe. Baada ya hapo, wakitaka kula nyama meza moja, na wale. Wasipotaka, wasilaumiwe, kwa kuwa hakuna anayemdai mwenzake. Asiyelipa deni kisha akaomba urafiki anaomba mkopo wa pili.